Kadi ya mtoto ipo, daftari la baba liko wapi?

LUPASO, Masasi. Mtoto hupimwa uzito kliniki kila mwezi hadi afikishe miaka mitano, na nesi akifungua kadi anaona alikotoka. Baba je? Wengi hufika zahanati wakishazidiwa, tena na daftari jipya. La zamani watoto wamelichana. Daktari anaanza upya.

Presha kwa kawaida haiumi. Mtu anaweza kuokota korosho msimu mzima akiwa nayo, kisha akapooza. Ikisoma 140/90 au zaidi, hupimwa tena siku nyingine, ndiyo maana daktari anahitaji vipimo vya nyuma. Na dawa haziachwi eti kichwa kimepoa.

Tiba ya familia ndiyo hiyo: mhudumu anayewajua nyumba nzima, kuanzia chanjo ya mtoto hadi presha ya bibi. Mama, siku ya kliniki beba madaftari yote, na baba aje nayo mwenyewe.