MKUTANO UMEKWISHA. TULIAMUA NINI?

Kamati ya maji imekutana chini ya mwembe. Watu wamesema sana, wamekubaliana, wameagana. Baada ya wiki tatu fundi anakuja kutengeneza pampu. Anauliza kama fedha za kipuri ziko tayari.

Mweka hazina anasema, "Tulikubaliana kila kaya itoe shilingi elfu moja, mwisho wa mwezi." Mjumbe mwingine anakataa. "Hapana ndugu, tulisema elfu mbili, baada ya mavuno." Wa tatu anakumbuka ubishi tu. Fundi anapanda baiskeli yake na kwenda zake. Kesho yake akina mama wanarudi mtoni na ndoo.

Mambo kama haya hutokea katika vijiji vingi. Si lazima awepo aliyesema uongo. Wamesahau. Katibu aliandika kumbukumbu za mkutano, lakini daftari liko nyumbani kwake. Tena mistari yake imebanana. Mtu aliyejifunza kusoma juzi atachoka kabla ya kufika ukurasa wa pili.

Kusahau si uzembe. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa muda mrefu, akatoa kitabu mwaka 1885. Aliona kwamba mtu husahau sana katika saa za mwanzo baada ya kujifunza. Baadaye husahau polepole. Basi maamuzi yashikwe wakati watu wangali wamekaa pamoja.

CHORENI MAAMUZI

Njia moja nzuri ni kuchora. Tafuteni karatasi kubwa. Kama hakuna, pasueni mfuko mtupu wa saruji, mkung'ute vizuri, mtumie upande ulio safi. Mkaa unatosha kuwa kalamu. Tundikeni karatasi mahali ambapo wote wanaiona, hata waliokaa nyuma.

Mchoraji si lazima awe hodari. Mtu wa vijiti, mwenye kichwa cha duara, anatosha. Wala asichore kila neno linalosemwa. Achore yaliyokubaliwa tu: kazi gani, nani ataifanya, lini, na kwa fedha kiasi gani.

Tuchukue pampu yetu. Chora pampu. Kando yake chora mtu, na chini yake andika jina la mweka hazina. Chora nyumba moja na noti moja ya elfu: maana yake kila kaya elfu moja. Kama fedha zitatolewa baada ya mavuno, chora muhindi uliokomaa. Chini ya kila picha andika neno moja au mawili kwa herufi kubwa. Msomaji mpya akikwama kwenye neno, picha itamsaidia.

Kabla ya kufunga mkutano, mjumbe mmoja asimame aisome picha. Afadhali awe yule aliyekaa kimya muda wote. Wengine wasikilize na kusahihisha. Kwa maoni yetu, hapa ndipo penye faida kubwa kuliko kuchora kwenyewe. Picha haisomwi na watu wote namna moja. Katibu akichora mshale, yeye anaonyesha njia. Mzee mwindaji anaona mshale wa kuulia swala!

WENGINE WALITANGULIA

Waluba wa kusini mashariki ya Kongo wana kibao kiitwacho lukasa. Ni kipande cha mti kinachoenea mkononi, kimepambwa kwa shanga na kauri. Wazee wa chama cha Mbudye walikishika kwa mkono wa kushoto, wakapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, huku wakisimulia habari za wafalme na safari zao. Shanga hazikuwa herufi. Zilikuwa za kukumbushia.

Vikundi vya kuweka na kukopa navyo vina ujanja wao. Mpango uliotungwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991 umeenea nchi nyingi, hata kwetu Afrika Mashariki. Katika vikundi vingi vya namna hiyo, hisa za mwanachama hupigwa mihuri katika kitabu chake. Asiyejua kusoma huhesabu mihuri, akajua akiba yake.

MJIHADHARI

Mwenye mkaa ana nguvu. Akitaka, atachora kazi za wengine na kuisahau ya rafiki yake. Basi mchoraji abadilishwe kila mkutano, na akina mama washike mkaa pia.

Vikundi vingine huchora ramani ardhini kwa majivu, mawe na vijiti. Ni vizuri, maana kila mtu anaweza kusogeza jiwe. Lakini kuku hawajui ramani, na mvua haingoji. Inakilini kwenye karatasi kabla ya kuondoka.

Picha haiondoi daftari. Ukizuka ugomvi wa fedha au wa ardhi, kumbukumbu zilizoandikwa na kutiwa saini zitatakiwa. Andikeni tarehe ileile kwenye picha na kwenye daftari.

Mkutano ujao, tundikeni kwanza karatasi ya zamani. Kazi iliyokwisha itiwe alama ya vema. Kazi isiyokwisha, aliyechorwa kando yake asimame aeleze. Kisha tundikeni karatasi mpya.