MAJI YAKITIWA SUMU, TUFANYE NINI?

Gaidi ni mtu anayeua raia wasio na kosa ili kuitia hofu nchi nzima. Tarehe 7 Agosti, 1998, magaidi walilipua balozi za Marekani za Dar es Salaam na Nairobi asubuhi moja. Dar es Salaam walikufa watu 11. Nairobi walikufa zaidi ya 200.

Gaidi hutumia bomu. Anaweza pia kutumia sumu. Kwa hiyo ulinzi si kazi ya polisi peke yao. Mkemia Mkuu wa Serikali husimamia kemikali za viwandani na majumbani kwa sheria ya mwaka 2003. Anayeingiza au kuuza kemikali hizo lazima aandikishwe, ili ijulikane ziko kwa nani. Baraza la Mazingira, yaani NEMC, hufuatilia uchafuzi wa ardhi, hewa na maji.

Sisi wa Bariadi na mkoa mzima wa Simiyu tunalima pamba. Dawa ya wadudu wa pamba ni sumu. Ikimwagwa kisimani kwa uadui au kwa uzembe, madhara ni yale yale.

Je, utajuaje? Samaki au vyura wamekufa lamboni. Maji yananuka dawa. Watu waliokunywa kisima kimoja wanatapika na kutokwa mate mengi. Ukiona hayo, fanya hivi:

1. Msinywe maji hayo, wala msinyweshe mifugo.
2. Msitegemee kuyachemsha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi sumu.
3. Wekeni mlinzi kisimani. Mtu asiguse chupa au mfuko uliokutwa hapo.
4. Mwambieni mtendaji wa kijiji mara moja, awaite polisi na bwana afya.
5. Wapelekeni wagonjwa zahanati. Semeni walikunywa maji ya wapi.

Bwana afya atachukua maji hayo yakapimwe. Kwa Kanda ya Ziwa, Mkemia Mkuu ana maabara Mwanza. Kisima kisifunguliwe kabla ya majibu kutoka.

Lakini anza leo nyumbani kwako. Fungia dawa ya pamba kwa kufuli. Usioshee bomba la kupulizia lamboni. Chupa ya dawa isiwekewe maji wala mafuta ya kula.

Maji ni uhai. Tuyalinde wenyewe.