Nasaba ya Kanisa Kuu la Kisangani

Mtu atokaye Bengamisa kwa njia ya Buta, akapishana na baiskeli zilizoelemewa magunia ya makaa na mikungu ya ndizi, akavuka daraja la Tshopo na kuingia Kisangani, aghalabu huenda moja kwa moja sokoni, akauza na kununua na kurejea kwake, asipate wasaa wa kusimama mbele ya Kanisa Kuu la Bikira Maria wa Rozari, karibu na Mto Kongo, na kuuliza asili yake.

Asili hiyo yatupeleka Saint-Quentin, mji wa kale kaskazini mwa Ufaransa. Humo limo kanisa la mawe lililojengwa tangu karne ya 12 hata ya 15, lenye kimo cha ndani cha takriban mita 34, na sakafuni mwake pametandazwa, tangu mwaka 1495, njia ya mizunguko ya mawe meusi na meupe. Mwaka 1871 padri kijana, Léon Dehon, alipangiwa kuhudumu katika kanisa hilo. Akaziona dhiki za wafanyakazi wa viwandani, na mwaka 1878 akaasisi katika mji huo shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yesu. Ni shirika hilo lililomtuma Padri Gabriel Grison, aliyekuwa amekwisha kuhudumu Ecuador, aje Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, mwaka 1897, mahali ambapo miaka michache kabla yake mfanyabiashara Tippu Tip alikuwa liwali, na Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuzoeleka vinywani mwa Wangwana, wafuasi wa wafanyabiashara hao. Hapo akaanzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli, na mwaka 1908 akawa askofu wa kwanza wa Stanley Falls; katika kazi hiyo ndimo lilimozaliwa kanisa kuu letu.

Makanisa haya mawili yameshiriki nasaba, na yameshiriki msiba pia. Mwaka 1917 paa la kanisa la Saint-Quentin liliteketea vitani, na mwaka uliofuata askari wa Ujerumani wakatoboa nguzo na kuta kwa matundu ya baruti, wakakusudia kulilipua. Lakini Wafaransa wakawahi kuingia, na alama za matundu yale zaonekana hata leo. Kwetu nako, mwezi Juni mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku 6 ndani ya mji wa watu wasio wao, makombora yaliliharibu kanisa kuu kadhalika na maelfu ya nyumba za raia.

Saint-Quentin imehifadhi jengo lake na habari zake pamoja. Sisi tumebaki na jengo, ilhali habari zake nyingi zimo vifuani mwa wazee na katika daftari za parokia zinazoliwa na mchwa. Basi, enyi vijana wa Bengamisa na Kisangani, waendeeni wazee hao kwa adabu, waulizeni ni nani waliofyatua matofali, waliobeba mbao na waliofundisha katekisimu, mkayaandike majina yao kabla wenye kuyajua hawajatutoka. Maana hao nao ni waasisi wa kanisa lile, sawa na mapadri waliotoka ng'ambo.