Waviking au Wavumba: pesa ya mpenzi wa historia iende wapi?

Kijana wa Kombani anayekutajia wafalme wa Mercia kwa mpangilio si kioja tena. Tamthilia ya Vikings ilianza 2013, The Last Kingdom ikafuata 2015, na zote zikaingia katika maduka ya muvi ya Pwani kama kawaida: unapeleka flashi, unatiliwa msimu mzima. Sisemi ni halali. Ni njia rahisi ya kuipenda historia hiyo na mbovu ya kuijua, kwa sababu Ragnar wa runingani ni ngano zaidi kuliko mtu, na hakuna anayekuambia ngano inaishia wapi.

Kusoma ni nafuu kuliko kutazama. Tarehe ya kale ya Waanglo-Saxon, Anglo-Saxon Chronicle, iko bure katika tovuti ya Project Gutenberg kwa Kiingereza. Maandishi matupu hayali bando. Kipindi kimoja cha video kinakula zaidi ya kitabu kizima. Humo utakuta mwaka 793, Waviking waliposhambulia watawa wa kisiwa cha Lindisfarne.

Ukiwa na megabaiti za kutazama picha moja tu, fungua mkusanyiko wa British Museum utafute dinari ya Offa. Offa alitawala Mercia, katikati ya Uingereza, kuanzia 757 hadi 796. Sarafu yake ni ya dhahabu, imeiga dinari ya Khalifa al-Mansur ya mwaka 157 Hijria, na ina shahada kwa Kiarabu. Katikati ya maandishi hayo yamechomekwa maneno OFFA REX, mfalme Offa, tena yakiwa juu chini ukilinganisha na Kiarabu. Fundi alinakili herufi asizozijua, akazikosea. Mtoto yeyote aliyepita chuoni hapa Kombani atasoma kile ambacho aliyekichonga hakukisoma. Kwangu mimi picha hiyo ya bure inashinda misimu yote ya tamthilia.

Kwenda kuiona kwa macho ni hesabu nyingine. British Museum haitozi kiingilio, lakini ombi la viza ya Uingereza ni zaidi ya pauni 100, wala hazirudishwi ukikataliwa, na tiketi ya ndege bado hatujaitaja. Huko York, mji ambao Waviking waliuteka 866, jumba la Jorvik nalo linatoza zaidi ya pauni 10. Mwenye ndugu Uingereza na afikirie. Sisi wengine tuteremke stejini.

Kutoka Kombani, safari ya bei ya chini kabisa ni matatu hadi Ukunda, kisha bodaboda hadi Msikiti wa Kongo, mto Mwachema unapoingia baharini. Ni jengo la mawe ya matumbawe lenye karne kadhaa, mibuyu imelizunguka, na bado watu wanasali ndani. Mpe mwangalizi chochote, uvae kwa heshima. Siku hiyo hiyo, kwa nauli nyingine ya bodaboda, unafika Kaya Kinondo, msitu wa Wadigo ulioingia orodha ya UNESCO 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Hapa kuna kiingilio, na ndicho kinachokupatia mwenyeji wa kukutembeza. Utafungwa kaniki, na hutatoka na hata jani. Usijaribu kukwepa kiingilio hicho. Bila mwenyeji utaona miti tu.

Shimoni ni ghali zaidi, kwa umbali kuliko kwa kiingilio. Unashuka Kanana, unachukua gari au boda ya pili, halafu unawalipa wanakijiji wanaosimamia mapango yaliyofungiwa watumwa. Aliyesoma habari za Dublin, ambako Waviking walikuwa na soko la watumwa, ataelewa haraka anachokiona. Ukitaka kuvuka hadi Wasini, kuwa mwangalifu: mashua ya wenyeji na jahazi la watalii zinaelea kwenye maji yale yale, bei zake hazifanani hata kidogo. Uliza wanakijiji wanapanda ipi. Wasini ndiko Wavumba, Waswahili wa pwani hii ya kusini, walikohamishia makao yao kutoka mji wao wa kale wa Vumba Kuu, na kuna kaburi la mnara lililopachikwa kaure za China. Vumba Kuu yenyewe imechimbwa na mwanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones, ambaye amefundisha katika Chuo Kikuu cha York. Yaani mtu wa mji wa Waviking alikuja kwetu kuchimba, na sisi tuko kwenye simu tunamtazama Ragnar.

Fort Jesus ya 1593 haina shida: feri ya Likoni ni bure kwa waendao kwa miguu, na ndani kuna masalia ya Santo António de Taná, meli ya Wareno iliyozama 1697. Ila kiingilio, nauli na chakula cha mjini vikijumlishwa, ni siku ya gharama. Iache mpaka shughuli nyingine ikupeleke Mombasa.

Lakini katika hizi zote hakuna ya enzi za Waviking. Anayeng'ang'ania karne ya 8 na ya 9 lazima aende Shanga, kisiwani Pate, ambako Mark Horton alichimbua alama za msikiti wa miti wa zama hizo hizo za Offa. Hiyo ni basi hadi Lamu, kisha boti, tena kwa kufuata maji. Changeni watu wanne au watano, vinginevyo nauli ya boti pekee itawatoa jasho.

Mwenye Jumamosi moja aende Kongo na Kinondo. Akipata ya pili, Shimoni. Na usisahau kitambulisho: majumba ya makumbusho ya serikali yana bei ya Mkenya na bei ya mgeni, na ya mgeni ni kubwa mno.