Sura ya Saba: Kuliinua na Kulitundika Paa la Gari

Land Rover ilipotolewa hadharani mara ya kwanza, katika maonyesho ya magari ya Amsterdam ya Aprili 1948, ilikuwa gari la mkulima kabla ya kuwa gari la mtu mwingine yeyote, na walioibuni walikifunga kwa bolti kila kiungo ambacho mkulima angeweza kutaka kukiondoa: milango, kioo cha mbele, na baadaye lile paa gumu la alumini ambalo ndilo maudhui ya sura hii. Magari hayo, mengine yakiwa yameunganishwa papa hapa Kenya, kule Thika, yangali yanapanda vilima vya Nyambene na kuteremkia Isiolo. Na picha za simba Elsa, ambaye kaburi lake limo katika Mbuga ya Taifa ya Meru, akiwa amejilaza juu ya Land Rover ya akina Adamson waliomlea, zimeutangazia ulimwengu uimara wa paa hilo, ingawa hazikusema neno juu ya uzito wake kwa anayetaka kulishusha.

Haja ya kulishusha huja na majira. Katika miteremko ya Mlima Kenya, kuanzia Runyenjes na Chuka hadi Chogoria na Nkubu, mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba humlazimisha mtu kukaa chini ya paa, na hata mwezi wa Julai, ambao hauna mvua kubwa, ukungu na manyunyu ya baridi hayampi raha anayeendesha gari lililo wazi. Basi ni Januari na Februari, na pengine Septemba, ndipo paa huondolewa. Wenye pikapu hali yao ni nyingine, kwani kanopi ya faiba iwafaayo katika safari ya Nairobi huwa kizuizi siku wanapotaka kupakia mikungu ya ndizi, nyasi za ng'ombe au fahali mwenyewe, kwa hiyo huivua mara nyingi zaidi, na nitakayoyasema yanawahusu wao pia. Aghalabu huitwa vijana wanne wa jirani, paa likabebwa kwa kelele na maelekezo yanayopingana, likaegemezwa ukutani nje, ambako kuku hulifanya kitanda chao hadi mvua zirudi.

Anayetaka kuacha desturi hiyo na kujijengea winchi ndani ya banda lake, na asianze kwa kununua kamba, bali aanze kwa kupima uzito; na vyombo vya kupimia si adimu, maana mizani ya kuning'iniza, kama ile inayopimia majani ya chai vituoni, hutosha kabisa kwa kuinua upande mmoja wa paa, kusoma kilo, kisha kuinua upande wa pili na kujumlisha. Bolti zilipuliziwe mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake, kwa kuwa chuma kikikaa na alumini katika unyevu, alumini huliwa na bolti hung'ang'ania, na anayelazimisha spana huvunja bolti ndani ya tundu. Waya za taa zichomolewe na kuwekewa alama. Hayo yakiisha, kazi yenyewe haijaanza bado.

Kazi huanza kwa kutazama juu. Mabanda mengi ya magari katika Meru na Embu yameezekwa juu ya kenchi za mbao za inchi 4 kwa 2, mara nyingi za mukima au saiprasi iliyopasuliwa ingali mbichi, na kenchi hizo zilipangwa kubeba mabati na kuhimili upepo, wala hazikuahidi kubeba kitu kingine. Hapo ndipo hesabu inapowadanganya wengi. Tuseme paa lina kilo 60: mtu hupitisha kamba katika kapi moja lililofungwa juu, akashika ncha na kuvuta kuelekea chini, akadhani kwamba boriti imebeba kilo 60, ilhali imebeba 120, kwa sababu kwa upande mmoja inavutwa na paa na kwa upande wa pili inavutwa na yeye mwenyewe kwa nguvu iliyo sawa na uzito huo. Akiongeza kapi la pili linalopanda pamoja na mzigo, mkono wake utavuta kilo 30 tu, na boriti itabeba 90. Kamba itakuwa ndefu maradufu, na msuguano utamnyang'anya sehemu ya faida, lakini kenchi na mgongo vitamshukuru. Mabaharia wa pwani yetu waliijua hesabu hii pasipo kuiandika, kwani foromali ya jahazi, yaani boriti ya tanga, iliyo nzito kuliko paa la gari lolote, hupandishwa kwa jarari, kamba ipitayo katika makapi ya gofia na abedari.

Kwa hiyo mzigo usitundikwe kwenye kenchi hata kidogo. Makapi yapatiwe boriti yake yenyewe, mathalan ya mbao kavu ya inchi 8 kwa 3, iliyolala juu ya kuta mbili za mawe, na winchi ya mkono iliyo na meno na kidole cha kuyazuia yasirudi nyuma ifungwe ukutani, kimo cha kifua. Winchi ya umeme ni anasa isiyo na dhambi, lakini stima ikikatika paa likiwa katikati ya safari yake, mwenyewe atajuta kwa muda usiojulikana.

Jambo lingine ni mikanda. Mikanda miwili itokayo katika ndoano moja na kutawanyika hadi pembe baina yake ifikie digrii 120, kila mmoja hubeba kilo 60 zote badala ya kugawana 30 kwa 30, na fauka ya hayo huzibana mbavu za paa kwa ndani. Alumini itapinda, na faiba itatoa ufa. Dawa yake ni fremu ya mabomba au mbao yenye upana na urefu wa paa lenyewe, mikanda ikashuka wima kutoka pembe zake nne, na ndoano ikahamishwa kidogo kidogo mbele au nyuma hadi paa lipande likiwa sawasawa.

Sasa nifikie lile ambalo mafundi wengi hulipuuza. Kuinua ni kazi ya dakika chache, na wakati huo macho yote yako juu. Kuhifadhi ni kazi ya miezi, na hakuna anayetazama. Mbao iliyobebeshwa mzigo usioondoka huendelea kupinda polepole hata kama haikulalamika siku ya kwanza, kamba ya nailoni hurefuka, ya katani huoza kwa unyevu, na kile kidole cha winchi, kilichoundwa kishike kwa muda mfupi, huachwa kishike mpaka Machi, huku watoto wakicheza chini yake. Paa likishafika juu, basi, livishwe minyororo minne iliyofungwa kwenye boriti mbili, kamba ilegezwe kabisa, na winchi ipumzike. Ncha moja iwe juu kidogo kuliko nyingine ili maji yasituame, na mipira ya kuzuia maji itolewe na kufichwa ndani ya debe lenye kifuniko, maana panya wa mabandani huitafuna.

Na ikiwa banda ni la mabati na nguzo za mkaratusi, lisilo na ukuta wa kulalia boriti, mimi simshauri mwenyewe ajenge winchi ya kutundika kabisa. Atengeneze fremu ya nguzo nne inayosimama sakafuni, pana kuliko gari, mwenye gari aingie kinyumenyume chini yake, paa liinuliwe kwa kiasi cha shibiri mbili, gari litoke, kisha paa lishushwe na kulazwa juu ya mbao za kukingama palepale. Fremu hiyo itakula nafasi ya banda, lakini mzigo wote utakuwa juu ya ardhi.