Fundi Yuko Mjini, Duka Liko Nyandira

Ukitoka Morogoro mjini kwenda Nyandira, huko Mgeta, unafika Mlali, kisha barabara inaanza kupanda milima ya Uluguru kwa kona zisizoisha. Kiangazi ni safari ya kawaida. Masika, kati ya Machi na Mei, lori la kabichi likizama kwenye tope na wewe umekwama nyuma yake hadi jioni. Ndiyo maana kazi yangu ya kuhudumia seva naifanya zaidi kwa simu na skrini kuliko kwa bisibisi. Na ndiyo maana nina neno kwa wenye biashara wanaotamani mifumo hii: huduma ya mbali haisimami bila mtu aliye karibu.

Kwanza mfumo wenyewe. Chukua duka la pembejeo lenye makao mjini na matawi Nyandira, Kilosa na Ifakara. Zamani kila tawi lilikuwa na kompyuta yake na hesabu zake, na mwisho wa mwezi mtu anapanda basi na flashi mfukoni. Siku hizi kuna seva moja mjini, yaani kompyuta yenye nguvu isiyozimwa usiku wala mchana, na mauzo, stoo na madeni yote yamo humo. Muuzaji wa Nyandira anawasha kimashine cha bei nafuu, na anachokiona mbele yake ni picha tu ya kompyuta inayofanya kazi mjini. Akibonyeza herufi, taarifa inashuka mlima hadi kwenye seva, seva inaandika, picha mpya inarudi juu.

Faida yake naiamini kabisa. Kimashine kikiibwa, mwizi hakuti ndani yake jina la mkulima hata mmoja. Kwa duka linalotunza namba za simu na madeni ya watu, hilo ni jambo zito tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Tabu iko kwenye ile safari ya kwenda na kurudi. Wateja huniuliza: mbona video inacheza vizuri kwenye simu lakini mfumo wa duka ni mzito? Video hupakuliwa mapema kidogo na kuwekwa akiba, hivyo mtandao ukisita hutambui. Herufi unayotaka kuiandika haina akiba, maana seva haijui utaandika nini. Bando kubwa peke yake halisaidii; inatakiwa njia fupi isiyosita. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu upande wa Afrika Kusini, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mwenye seva Ulaya alibaki anatazama kiduara kikizunguka. Ndiyo maana nawashauri wenye biashara ndogo seva ya kazi za kila siku ikae nchini, pale ambapo mawasiliano hayana haja ya kuvuka bahari.

Hata hivyo, simu nyingi ninazopokea hazihusu bahari. Zinahusu printa. Programu inafanya kazi mjini ilhali printa ya risiti iko mezani Nyandira, na seva inapaswa kuambiwa kwamba printa ile ipo. Mtu akichomoa waya na kuuchomeka tundu jingine, seva inaweza kuiona kama printa mpya, na risiti zinasubiri kwenye foleni ya ile ya zamani. Linalofuata ni watu kufunga dirisha kwa kile kialama cha X wakidhani wametoka. Hawajatoka. Kikao chao kinaendelea kuishi ndani ya seva kikila kumbukumbu, na vikao vya namna hiyo vikirundikana, kila tawi linalalamika kwamba mashine imechoka.

Halafu kuna umeme. Mama mmoja anayesimamia tawi la huko juu alinipigia asubuhi ya mvua.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Huku kumekufa kila kitu.”

“Umeme upo?”

“Upo, taa inawaka, ila ni hafifu.”

“Kile kisanduku cheusi chini ya meza, kinalia?”

“Kililia tii, tii, tii tangu alfajiri, sasa kimenyamaza.”

Nilichokihitaji kilikuwa kwenye yale maneno mawili, “hafifu” na “alfajiri”. Umeme ulikuwa mdogo, UPS, yaani kile kisanduku cha akiba ya umeme, ikahamia kwenye betri, na betri sasa imekwisha. Hakuna programu ambayo ingeniambia hayo, kwa sababu rauta nayo ilikuwa imezimika. Macho yake yalifanya kazi ambayo skrini yangu haikuweza.

Mjini adui ni joto. Betri ya UPS ya aina ya risasi na asidi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25, lakini bado nakuta seva zimewekwa stoo isiyo na dirisha, jirani na magunia ya mbolea. Mbolea ikipata unyevu hula chuma. Naomba seva ihamishwe hata kama itabidi iingie ofisi ya bosi.

Kwenye usalama sina simile. Mlango wa kompyuta ya mbali ukiachwa wazi mtandaoni, programu za wahalifu huukuta na kuanza kujaribu nywila bila kupumzika. Wakiingia, hufunga mafaili yote na kudai fedha. Windows Server 2012 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 10 Oktoba 2023, na kuendelea kuitegemea ni hatari. Na mtu akikupigia akisema ni fundi, akutake uweke programu ya kumwezesha kuingia kwenye mashine yako, kata simu, kisha mpigie fundi wako kwa namba uliyo nayo.

Kwa hiyo kabla sijakubali tawi lolote, naomba nitajiwe mtu mmoja wa palepale. Si lazima awe amesomea kompyuta. Nambandikia nyaya utepe wa rangi, namwachia ukutani karatasi ya mpangilio wa kuwasha: UPS, rauta, kisha kimashine. Namfundisha kunisomea maneno ya skrini kama yalivyo, asinifupishie. Na mwenye duka amlipe posho kwa hilo, iandikwe kwenye mkataba wa huduma pamoja na namba yake ya simu, juu ya namba yangu, kwa sababu duka likikwama yeye ndiye wa kupigiwa kwanza.