Kishikio Chekundu Angani Dodoma

Uwanja mpya wa ndege wa Msalato, Dodoma, una njia ya kurukia yenye urefu wa kilomita 3.6. Ndege ya viti viwili iliyounganishwa nyumbani na mwenyewe ingeweza kupaa, kutua na kupaa tena humo bila kugeuza pua. Lami, basi, ipo ya kutosha. Shida ni petroli. Ndege kubwa hunywa mafuta yaliyo ndugu wa mafuta ya taa, lakini petroli maalumu ya injini za pistoni huku bara ni adimu, na mara nyingi huja kwa mapipa. Mwenye ndege ndogo ana kila sababu ya kukijua vizuri kile kishikio chekundu kinachopunguza petroli inayoingia kwenye injini.

Kabureta hupimwa kwa hewa ya pwani. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Joto likifika nyuzi 30, injini huvuta hewa kana kwamba iko mita 1,900. Hewa imepungua, petroli haikupungua kwa kiasi hicho. Matokeo yake fundi yeyote wa bodaboda anayajua: plagi nyeusi, injini inamisi, nguvu hakuna. Ila bodaboda ikizima, unaisukuma.

Kitabu cha ndege ya Cessna 172 kinamtaka rubani apunguze petroli kabla ya kupaa kwenye uwanja ulio juu ya futi 3,000. Dodoma imepita futi 3,600. Kwa hiyo anayekisukuma kishikio mpaka mwisho, kama alivyozoea Dar es Salaam, anajiona mwangalifu kumbe anakaidi kitabu.

Wengi huogopa kuiunguza injini kwa kuipunguzia petroli, na hofu hiyo ina msingi pale injini inapofanya kazi kwa nguvu kubwa. Lakini injini isiyo na turbo ikifika futi 8,000 haitoi zaidi ya kama asilimia 75 ya nguvu zake, hata ukiifungulia yote. Kutoka ardhi ya Dodoma hadi hapo ni mita 1,300 hivi. Mwinuko wenyewe umeshamzuia rubani asiiumize injini, naye bado anaimwagia petroli ya kuipoza.

Ukivuta kishikio taratibu, kipimajoto cha moshi wa ekzosi hupanda, hufika kilele, kisha hushuka. Nguvu nyingi hupatikana kabla ya kilele, petroli ikiwa bado imezidi kidogo. Nafuu ya matumizi ipo kwenye kilele chenyewe au mbele yake kidogo. Kwa Cessna 172N, kitabu kinasema kukaa kileleni kunaongeza masafa kwa asilimia 4 hivi kuliko mpangilio wa kawaida, ambao nao umeshapunguzwa, na kunapunguza mwendo kwa maili 3 za baharini kwa saa. Asiye na kipimajoto huvuta mpaka injini itetemeke, halafu hurudisha kidogo itulie. Mtetemo huo hutokea kwa sababu kabureta haigawi sawa: silinda moja ina njaa, jirani yake bado anakula.

Mwaka 1944, rubani Charles Lindbergh aliwaonyesha marubani wa ndege za kivita za P-38 huko Pasifiki jinsi ya kupunguza mizunguko ya injini na petroli. Walihofia injini zao, hadi walipoona yeye anatua na akiba kubwa kuliko wao.

Waunganishaji wengi wa ndege wa leo wameliruka somo hili. Injini ya Rotax 912 yenye kabureta haina kishikio chekundu: hujirekebisha yenyewe kadiri hewa inavyopungua, na inakubali petroli ya magari. Ndege za Skyleader zinazounganishwa Morogoro nazo hutumia injini za Rotax. Hapo kilichobaki cha kubana ni haraka ya rubani.

Kwa wenye kishikio, safari ya kushuka kutoka Dodoma kwenda Dar inadai kazi ya kinyume: kurudisha petroli kidogo kidogo kadiri hewa inavyoongezeka uzito. Anayesahau anaweza kuzimikiwa juu ya Kibaha, akiwa na petroli yote aliyoiokoa.